KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: SIGARA NA MGONGO WA MKULIMA

Na Mwandishi Wetu, Mang'ula



Nchi haijengwi kwa maneno matupu. Nchi hujengwa kwa migongo ya watu. Tazameni bonde letu hili la Kilombero, kutoka Kidatu, mpite Sanje na Mang'ula, mwende Kisawasawa na Kiberege mpaka mfike Ifakara. Kila kitu mtakachokiona njiani kimepita juu ya mgongo wa mtu. Mpunga umepandwa na watu walioinama, ukapaliliwa na watu walioinama, ukavunwa na watu walioinama. Muwa umekatwa na mtu aliyeinama. Gunia la lumbesa limepanda juu ya lori kwa shingo na mabega ya kijana. Hata reli ya TAZARA, ipitayo hapa Mang'ula, na ambayo wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China waliijenga tangu mwaka 1970 hadi 1975, haikutandazwa na malaika. Ilitandazwa na watu wenye migongo.

Basi mgongo ndio mtaji wa mtu wa bonde hili. Tajiri ana fedha benki, mwenye duka ana bidhaa, na karani ana kalamu yake. Mkulima na kibarua wana mgongo. Mgongo ukifa, shamba limekufa, ada ya mtoto imekufa, na heshima ya mwanamume au mwanamke nyumbani kwake imeingia mashakani. Kwa hiyo yeyote anayeuharibu mgongo wa mfanyakazi ni adui wa mfanyakazi, hata akija kwa upole, hata akija katika pakiti nzuri yenye kung'aa.

Leo nataka kumtaja adui mmoja wa mgongo ambaye hatajwi barazani. Adui huyo ni sigara.

Najua wengi watashangaa. Watasema, "Sigara na kifua tumesikia. Sigara na mgongo, wapi na wapi?" Ni kweli kwamba habari ya kifua imesemwa zamani. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kwamba watu wenye saratani ya mapafu katika hospitali za London walikuwa wavutaji wa sigara kuliko wagonjwa wengine. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani akatoa taarifa yake kubwa, akasema wazi kwamba sigara inaleta saratani hiyo. Leo hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba moshi unaua mapafu. Lakini mapafu yako mbali na mawazo ya kijana mwenye miaka 20. Yeye anafikiri saratani ni shauri la wazee. Mgongo hauko mbali. Mgongo anautumia leo asubuhi. Kwa hiyo na tuseme habari ya mgongo.

MGONGO UMEUMBWAJE

Mtu hawezi kulinda kitu asichokijua. Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, na 5 za kiuno. Chini yake iko mifupa mingine ambayo imeungana. Katikati ya pingili na pingili iko mito midogo ya gegedu, ambayo waganga huiita diski. Mito hiyo iko 23. Nje ni migumu kama kamba iliyosukwa, ndani ni laini na imejaa maji. Kazi yake ni kupokea uzito, ili mfupa usisagane na mfupa. Unapoinua debe la maji, diski ndizo zinazobonyea. Unapolala usiku, diski hunywa maji tena na kuumuka. Ndiyo sababu mtu akipimwa asubuhi huwa mrefu kidogo kuliko jioni.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Karibu kila kiungo cha mwili kina mfereji wake wa kukiletea chakula, lakini diski haina. Hupata chakula chake kwa kupenyezewa polepole kutoka katika mifupa iliyo juu yake na chini yake. Mkulima wa mpunga atanielewa upesi. Diski ni kama jaruba lisilo na mfereji wake. Hupata maji kwa kuchuruzikiwa kutoka jaruba la jirani. Siku mfereji wa jirani unapopungua maji, jaruba gani litakauka kwanza? Ni lile la mwisho, lisilo na mfereji.

Hapo ndipo sigara inapoingia. Katika tumbaku imo sumu iitwayo nikotini. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kama mtu anayekanyaga mpira wa maji kwa mguu. Katika moshi wa sigara kuna hewa nyingine mbaya, ni ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaichukulia nafasi yake. Kwa hiyo mvutaji anajidhuru kwa namna mbili mara moja: mfereji umebanwa, na maji yenyewe yaliyomo ndani ya mfereji yamepungua nguvu. Jaruba la mwisho linakauka. Diski inapoteza maji yake, inapungua kimo, inapasuka pembeni. Siku moja kijana anainama kuokota kitu chepesi tu, pengine ndoo tupu, mara anapiga kelele na kushika kiuno. Watu husema, "Amerogwa." Wengine husema, "Ni ndoo." Lakini ndoo ilikuwa mkulima wa mwisho tu kupita juu ya daraja lililokwisha oza.

USHAHIDI WA MAPACHA

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kutisha watu. Basi nitawapa ushahidi, kisha kila mtu apime kwa akili yake.

Mwaka 1991 wataalamu waliokuwa wakichunguza mapacha wa Finland walitoa matokeo ya kazi yao. Walichukua jozi 20 za mapacha wa kufanana, wale ambao wamezaliwa na damu moja na sura moja. Katika kila jozi, mmoja alikuwa mvutaji na mwenzake hakuwa. Wakawapiga picha za uti wa mgongo kwa mashine zinazoonyesha diski ndani ya mwili. Wakaona kwamba uchakavu wa diski za kiuno kwa wale wavutaji ulizidi ule wa ndugu zao kwa asilimia 18.

Fikirini maana ya jambo hilo. Mtu hawezi kusema, "Huyu mgongo wake ni dhaifu kwa kurithi," maana ndugu yake amerithi mgongo ule ule. Tena wataalamu hao waliona kwamba uchakavu haukuwa katika diski moja tu, bali ulienea katika diski zote za kiuno. Kama ni mzigo peke yake uliofanya kazi, tungetazamia kuona madhara zaidi mahali pale mzigo unapoegemea. Kuenea kote ni dalili ya kitu kinachosafiri na damu. Na kitu hicho mvutaji anakiingiza mwenyewe, kwa fedha yake, kwa mkono wake.

Mwaka 2010 wataalamu wengine wa Finland walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa katika nchi mbalimbali, wakazipima kwa pamoja. Waliona kwamba wavutaji wana maumivu ya kiuno zaidi kuliko wasiovuta. Wakaona kwamba hata walioacha bado wana maumivu kidogo zaidi kuliko wale ambao hawakuanza kabisa. Na jambo la kuhuzunisha zaidi, uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa vijana walio katika umri wa shule kuliko kwa watu wazima. Wazazi wa Mang'ula, lisikieni neno hilo.

SHINGO NAYO HAIKUSALIMIKA

Watu wengi wakisikia mgongo hufikiri kiuno tu. Lakini shingo ni sehemu ya uti huo huo, na diski zake hulishwa kwa njia ile ile. Sumu iliyo katika damu haisomi kibao ikasema, "Mimi naishia kiunoni."

Na sisi watu wa bonde tunaitumia shingo kuliko watu wa mjini. Mama anabeba ndoo kichwani, anabeba kuni kichwani, anabeba mpunga kichwani. Kijana wa stesheni anabeba mzigo shingoni na begani. Dereva wa bodaboda anatikiswa siku nzima. Kutoka kwenye pingili za shingo hutoka mishipa ya fahamu inayokwenda mabegani na mikononi. Diski ya shingo ikichakaa na kufura, hubana mishipa hiyo. Ndipo mtu anapoona mkono unakufa ganzi, vidole vinachomwa kama kwa sindano, na jembe linamponyoka bila sababu. Kazi nzito huichosha shingo. Sigara huinyima shingo chakula cha kujijenga upya. Mambo haya mawili yakikutana kwa mtu mmoja, ni kama ng'ombe anayelimishwa mchana na kunyimwa majani usiku.

Tena kuna kikohozi. Mvutaji hukohoa kila asubuhi, na kila kikohozi kikali hubana tumbo na kuzisukuma diski. Mwenye mgongo mbovu anajua uchungu wa kukohoa, maana hujishika kiuno kwa mikono yote miwili kabla hajakohoa.

MFUPA WENYEWE

Siyo diski peke yake. Mfupa nao ni kitu kilicho hai, unabomolewa na kujengwa upya siku zote. Imethibitishwa kwamba kuvuta sigara hupunguza uzito na ugumu wa mifupa, na wavutaji huvunjika mifupa kirahisi zaidi wanapokuwa wazee. Pingili za uti nazo huweza kubonyea kama debe lililokanyagwa. Mtu akapungua kimo, akapinda, akatembea akitazama ardhi. Mfupa wa mvutaji ukivunjika hukawia kuunga. Ndiyo sababu waganga wa upasuaji wa mgongo, wanapotaka kuunganisha pingili mbili, humwambia mgonjwa aache sigara kwanza. Wamekwisha ona kwamba kwa mvutaji mara nyingi zaidi pingili hukataa kuungana, na gharama yote ikapotea bure.

Mkulima wa kwetu akivunjika mgongo, hapelekwi kupasuliwa kesho yake. Safari ya hospitali kubwa ni ndefu, na fedha yake ni mashamba yaliyouzwa. Wenye fedha wana njia ya pili. Sisi njia yetu ni kujilinda.

KIFUA KIKUU CHA MGONGO

Liko jambo jingine ambalo halina budi kusemwa katika bonde hili. Kifua kikuu bado ni ugonjwa mkubwa nchini mwetu. Watu hudhani ni ugonjwa wa mapafu tu. Sivyo. Wadudu wake huweza kusafiri na damu wakaingia katika pingili za uti wa mgongo, wakala mfupa na diski, mpaka mgongo ukatoka kibiongo na miguu ikapooza. Mganga wa Uingereza aitwaye Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na hata leo waganga huuita kwa jina lake.

Sigara inahusika vipi? Inahusika kwa kuwa mvutaji huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko asiyevuta. Moshi huudhoofisha ulinzi wa mapafu, na mlango wa mbele ukibomoka, mwizi huingia hadi chumba cha ndani. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa majuma, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, na kukonda, asikae nyumbani akichuliwa kwa mafuta. Aende zahanati, na kutoka hapo apelekwe hospitali. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika Tanzania. Tunayo Hospitali ya Mtakatifu Fransis pale Ifakara, mji ambao tangu miaka ya 1950 umekuwa na kituo cha utafiti wa magonjwa ambacho sasa kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Haifai mtu aliye jirani na kisima afe kwa kiu. Na mtu ambaye miguu yake inalegea ghafula, au hawezi kuzuia mkojo, asingoje hata siku moja. Mficha maradhi kifo humwumbua.

MAJIBU KWA WABISHI

Sasa nitajibu maneno ambayo najua yatasemwa vijiweni.

Wa kwanza atasema, "Babu yangu amevuta kiko miaka 50 na mgongo wake umenyooka kama mnazi." Vema, na tumshukuru Mungu kwa ajili ya babu. Lakini wako watu waliovuka mto Kilombero kwa kuogelea, na mamba wakiwemo, wakafika ng'ambo salama. Je, tuwafundishe watoto wetu kwamba mamba hali watu? Mmoja aliyeokoka huonekana, maana yuko hai anazungumza. Waliozama hawaji kijiweni.

Wa pili atasema, "Kinachovunja mgongo wangu ni jembe na miwa, siyo sigara." Huyu ana haki kwa nusu, na nusu hiyo nitaitetea kwa nguvu zangu zote. Kazi ya kuinama kutwa inaumiza. Kukata miwa katika masizi ya shamba lililochomwa inaumiza. Kubeba lumbesa kunaumiza, na ni unyonyaji juu yake, maana mnunuzi analipa gunia moja na kuchukua gunia na nusu. Kwa hiyo tusimpe mwajiri yeyote nafasi ya kumwambia kibarua, "Mgongo wako umeharibiwa na sigara zako, kampuni haihusiki." Hapana. Kazi nzito ni shauri la mwajiri, na vifaa, mapumziko na matibabu ni haki ya mfanyakazi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nasema: mtu ambaye mgongo wake unashambuliwa na kazi mchana kutwa, ndiye wa mwisho kati ya wote anayeweza kumudu adui wa pili. Askari aliye vitani hajichomi mwenyewe kwa mkuki wake.

Wa tatu atasema, "Nikivuta, uchovu unaondoka na maumivu yanatulia." Ndivyo anavyoona, wala hasemi uongo. Lakini atazame vizuri. Mwili uliozoea nikotini hukasirika unapoikosa, ukatetemeka na kununa. Sigara inayofuata hutuliza ghadhabu ambayo sigara iliyotangulia imeileta. Ni kama mtu anayekukopesha shilingi 10 zako mwenyewe kisha akadai umshukuru. Na tafiti zimeonyesha kwamba wavutaji wenye maumivu ya mgongo husema wanaumia zaidi, si kidogo.

Wa nne atasema, "Basi mimi nitanusa ugoro." Ugoro hauna moshi, ni kweli, lakini nikotini ni ile ile, na mishipa hubanwa vile vile. Kuhama kutoka nyumba ya nyoka kwenda nyumba ya nge si kuhama.

Wa tano, na huyu ni mwenye busara, atauliza, "Ndugu zetu wakulima wa tumbaku wa Tabora, Urambo na Ruvuma watakula nini?" Sina ugomvi na ndugu hao. Wao nao wana migongo iliyopinda kwa kulima, kuchuma na kukata kuni za kukaushia. Nikotini ya majani mabichi huwaingia kwa ngozi wakatapika na kuona kizunguzungu shambani. Lakini mkulima wa Urambo hatatajirika kwa sababu kijana wa Mang'ula amevunjika kiuno. Tukumbuke pia historia. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kikawa mali ya umma, na mwaka 1995 Serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa zake kwa kampuni ya ng'ambo. Basi kila mtu na ajiulize faida ya moshi wake inalala wapi, na maumivu yake yanalala wapi. Maumivu yanalala hapa hapa, juu ya kitanda cha kamba.

HESABU NDOGO

Haba na haba hujaza kibaba. Kijana anayevuta sigara 5 tu kwa siku huvuta sigara 1,825 kwa mwaka. Anayevuta 10 huvuta 3,650. Achukue bei ya sigara moja katika duka la jirani yake, azidishe, kisha atazame kiasi hicho kwa macho yake. Humo yamo madaftari ya watoto. Humo imo mbolea. Humo imo nauli ya kwenda Ifakara kupimwa mgongo ule ule ambao sigara hizo zimeuharibu. Sigara inauzwa moja moja ili isionekane bei yake. Ingeuzwa ya mwaka mzima kwa mara moja, hakuna mkulima ambaye angekubali kuinunua.

TUFANYE NINI

Kulalamika si kazi. Natoa mashauri haya, na viongozi wa vijiji wayachukue katika mikutano yao.

Kwanza, sheria ifuatwe. Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti mazao ya tumbaku mwaka 2003, nayo inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku. Sheria ipo, mkataba upo, lakini mtoto wa shule bado anatumwa dukani na baba yake, "Niletee sigara mbili na kiberiti." Tusiseme Serikali imelala ikiwa sisi wenyewe tunamtuma mtoto. Kila mwenye duka akatae, na kila mzazi anyanyuke aende mwenyewe.

Pili, katika kazi za pamoja, iwe ni kulima shamba la shule au kuchimba mtaro, sigara isiwe zawadi wala posho. Mtu akishukuriwa, ashukuriwe kwa uji, kwa maji, au kwa muwa.

Tatu, mgonjwa wa mgongo anapofika zahanati aulizwe habari ya sigara, kama vile anavyoulizwa habari ya kazi yake. Kupewa vidonge vya maumivu bila kuulizwa swali hilo ni kupiga lipu nyumba ambayo msingi wake unaliwa na mchwa.

Nne, vyama vya wafanyakazi katika mashamba ya miwa na penginepo vidai mambo mawili kwa sauti moja: kazi isiyovunja mgongo, na msaada kwa mfanyakazi anayetaka kuacha. Kudai la kwanza na kusahau la pili ni kufanya nusu ya kazi.

Tano, na hili ni la kila mtu peke yake: acha. Najua si rahisi. Nikotini ni bwana mkali kwa watumwa wake, na siku za mwanzo ni ngumu kuliko zote. Lakini hewa ile mbaya ya moshi huanza kutoka katika damu mara tu unapoacha, na baada ya siku moja au mbili imepungua sana. Hamu huendelea kwa majuma, kisha hupungua. Chagua siku. Waambie mkeo, au mumeo, na rafiki zako, ili wawe mashahidi. Ondoa pakiti na kiberiti mfukoni. Hamu ikikujia, kunywa maji, tembea, tafuna muwa, maana hapa kwetu muwa haukosekani. Hamu moja haidumu kwa dakika nyingi, hupanda kama mafuriko ya mto na kushuka. Ukianguka, simama tena siku ile ile. Waliofaulu wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja.

Nisiwadanganye kwamba diski iliyokwisha pasuka itarudi kuwa ya mtoto siku utakapoacha. Haitarudi. Lakini diski nyingine bado zipo, shingo bado ipo, na mifupa bado inajengwa kila siku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa uti wa mgongo hakuna fundi awezaye kuujenga upya ukawa kama ulivyoumbwa.

Ndugu zangu, tangu siku za Uhuru tulifundishwa kwamba adui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Sigara imewakusanya wote watatu katika karatasi moja ndogo. Inaingia kwa ujinga, inatuacha na maradhi, na inatulipisha kwa umaskini. Wazee wetu walikataa kuinama mbele ya watu waliotaka kuwatawala. Haipendezi wajukuu wao wainamishwe na kitu kinachozimwa kwa kukanyagwa na soli ya kiatu.

Kizimeni basi, na kisiwashwe kingine. Mpunga unatungoja majarubani, na mpunga hauvunwi na mtu aliyelala kitandani akishika kiuno.